Mkono Usioachia, Miguu Isiyoamka

Saa kumi alfajiri, siku moja baada ya harusi kule Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, binamu yangu aliamka akataka kujigeuza kitandani akashindwa. Usingizi ulikuwa umekwisha. Macho yalikuwa wazi, akili timamu, na sauti ilitoka, ndogo lakini ilitoka. Miguu ilikuwa pale chini ya blanketi kama magogo mawili ya mtu mwingine. Akajaribu mkono; ukainuka nusu shibiri, ukaanguka. Alikuwa na miaka 16. Jana yake alikuwa amebeba viti na kusimamisha hema tangu asubuhi, akacheza ngoma mpaka shati likalowa, na usiku akala pilau sahani mbili, chapati tatu na soda juu yake.

Tulimpakia kwenye wilbaro mpaka barabarani, tukapata gari. Katika zahanati ya kwanza walimpima malaria: hakuna. Presha: sawa. Wakasema kijana ameishiwa nguvu, wakamtundikia dripu ya glukosi. Haikupita saa moja, hata shingo ikakataa kubeba kichwa. Shangazi alikaa kando ya kitanda akimshikilia kidevu asije akapaliwa na mate yake mwenyewe. Jioni vidole vya miguu vikaanza kucheza. Kesho yake mchana alitembea mwenyewe hadi chooni, na alipotoka huko hungeamini kwamba ndiye yule tuliyemsukuma kwa wilbaro. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wapo waliosema ni jini. Wapo waliosema ni husuda za harusini. Mwalimu wa zamu, siku hali ile ilipomrudia shuleni Jumatatu asubuhi, alisema huyu anakwepa mtihani. Ilichukua miaka minne, na kulegea mara saba, kabla ya afisa mmoja wa kliniki kufanya jambo dogo ambalo wengine wote hawakulifanya: alimtoa damu akiwa bado amelala hawezi kuinuka. Wengine walikuwa wakipima baada ya kupona. Potasiamu ilikuwa 2.1. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5 hivi.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu kundi hili la magonjwa, miotonia na kupooza kwa vipindi, na ninataka kulieleza kwa utaratibu, kwa sababu naamini wako wengine kati ya Nakuru na Busia wanaobebwa kwa wilbaro na kurudi nyumbani na jina baya badala ya jina la ugonjwa.

Ni magonjwa ya kurithi, yanakaa kwenye misuli, na yana sura mbili zinazoonekana kama hazijuani kabisa. Sura ya kwanza ni misuli kukaza na kukataa kuachia. Sura ya pili ni misuli kulegea kwa saa kadhaa au siku nzima, kisha kurudi hali yake. Ungedhani ni maradhi mawili tofauti. Kumbe ni watoto wa nyumba moja, na mara nyingine yanakaa ndani ya mwili mmoja. Ukielewa kwa nini iko hivyo, utaelewa pia kwa nini ndizi inayomsaidia mgonjwa mmoja inaweza kumwangusha mwingine.

Tuanze na msuli wenyewe. Kila uzi wa msuli ni seli ndefu iliyofunikwa na utando mwembamba. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, nje kuna sodiamu nyingi, na tofauti hiyo huufanya utando uwe kama betri iliyochajiwa: ndani ni hasi kwa karibu milivolti 85 ukilinganisha na nje. Utando una milango midogo mno, na kila mlango una kitu chake unachokipitisha. Upo wa sodiamu, upo wa potasiamu, upo wa kalsiamu, upo wa kloridi. Milango hiyo ni protini, na kila protini hujengwa kwa kufuata maagizo ya jeni yake. Jeni ikiwa na kosa la herufi moja, mlango unaweza kutoka kiwandani umepinda.

Neva inapouamuru msuli ukaze, milango ya sodiamu hufunguka ghafla. Sodiamu humiminika ndani, umeme hupinduka, na mpinduko huo hukimbia urefu wote wa uzi na kuzama hadi kilindini kupitia vijifereji. Huko ndani kalsiamu huachiliwa, na msuli hukaza. Kufumba na kufumbua, milango ya sodiamu hujitia komeo yenyewe, na komeo hilo halifunguki mpaka utando utulie tena. Msomaji, lishike hilo komeo. Tutalihitaji tukirudi kitandani kwa binamu yangu. Wanaoutuliza utando ni potasiamu na kloridi, na katika misuli hii ya mwili tunayoiamuru wenyewe, zaidi ya theluthi mbili ya kazi ya kuufanya utando ukae kimya hufanywa na kloridi.

Sasa mfikirie mtu ambaye milango yake ya kloridi ina kasoro, kwa sababu jeni iitwayo CLCN1, iliyoko kwenye kromosomu ya 7, ina kosa. Neva imetoa amri moja na msuli umejibu. Amri imekwisha. Lakini potasiamu iliyotoka wakati wa kazi imejikusanya kwenye vile vijifereji, na hakuna kloridi ya kutosha ya kutuliza mambo. Basi msuli unajiamuru wenyewe, unapiga tena, na tena, na tena. Mwenye mkono anataka kuachia. Mkono bado unasikia "shika". Hiyo ndiyo miotonia.

Kuna mama mmoja muuza samaki mjini Kisumu ambaye nimekaa naye asubuhi kadhaa akianza kazi. Akishika kisu cha kupara samaki, vidole hujifunga juu ya mpini vikakataa kuachia. Hana wasiwasi tena. Huvibandua kwa mkono wa pili, kimoja baada ya kingine, kuanzia kidole kidogo. Anashika tena, anabandua tena. Samaki wa kwanza humchukua muda. Kufikia wa tano, wa sita, mikono yake ni ya muuza samaki yeyote, na magamba yanaruka. Akipumzika kunywa chai kwa nusu saa, mambo huanza upya. Wateja wageni hudhani anang'ang'ania noti yao wakati wa kurudishiwa chenji, wengine wamemtolea maneno. Yeye huwaambia tu, "Ngoja kidogo mkono uamke."

Huko kuamka ndiko alama kubwa ya miotonia ya kuzaliwa nayo: msuli uliopumzika ndio mkaidi, na ukirudiarudia kazi hiyo hiyo unalainika. Kuinuka kwenye kiti ghafla, kupanda ngazi za kwanza, kukimbilia matatu inayoondoka, hapo ndipo miguu hukaza kama mbao. Mtoto akishtuka anaweza kuanguka wima kama gogo, macho wazi, bila hata kunyoosha mikono kujikinga. Wengi humwona wakasema kifafa. Lakini mwenye kifafa cha kuanguka hupoteza fahamu. Huyu anakuona na kukusikia mwanzo hadi mwisho. Na jambo linalowachanganya watu zaidi ni kwamba wengi wao wana misuli minene iliyojengeka vizuri, kwa maana misuli yao haipumziki. Ana mwili wa mchukuzi wa magunia, na bado anachelewa kuinuka. Unaona jinsi neno "mvivu" linavyopata njia.

Neno hilo lina historia ndefu katika ugonjwa huu. Mwaka 1876 daktari Julius Thomsen alichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa katika familia yake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, naye akiwemo. Sehemu ya kilichomsukuma aandike ni kwamba mwanawe alituhumiwa kujifanya mgonjwa ili akwepe jeshi. Daktari mzima, mwenye ugonjwa huo huo mwilini, ilimbidi auandikie ulimwengu ili mwanawe asiitwe mwongo. Kila ninapokumbuka yule mwalimu wa zamu huwa namkumbuka Thomsen.

Aina ya Thomsen hurithiwa kwa nakala moja tu yenye kasoro kutoka kwa baba au mama. Aina ya pili, iliyoelezwa na Mjerumani Peter Emil Becker karne iliyopita, inahitaji nakala mbili, moja kutoka kila upande, na mara nyingi huwa kali zaidi. Wenye aina ya Becker wana jambo la ziada: wakianza kutumia mkono uliopumzika, kwa sekunde chache unakosa nguvu kabisa kabla ya kupata moto. Hata wanyama wamo. Huko Tennessee, Marekani, kuna mbuzi wanaojulikana tangu miaka ya 1880 ambao wakishtuliwa hukakamaa wakaanguka. Jeni yenye kasoro kwao ni ile ile ya mlango wa kloridi.

Daktari mwenye kujua hahitaji mashine kushuku miotonia. Hukuomba ufumbe ngumi kwa nguvu halafu ufumbue upesi. Hugonga kwa kinyundo ile nyama iliyo chini ya kidole gumba, kidole kikajikunja ndani na kurudi polepole kama mlango wenye spring mbovu. Pakiwa na kipimo cha umeme wa misuli, sindano ikiingizwa ndani ya msuli kipaza sauti hutoa mngurumo unaopanda na kushuka. Vitabu huufananisha na ndege ya kivita ikishuka. Mimi ningesema ni boda boda iliyopigwa resi ikiwa imesimama.

Hadi hapo ni kukaza. Kulegea kunatoka wapi?

Rudi kwenye lile komeo la mlango wa sodiamu. Utando ukisumbuliwa kidogo, ukapanda kidogo kutoka milivolti 85 hasi kuelekea sifuri, unakuwa mwepesi wa kushtuka: jambo dogo tu linaufanya upige, na msuli unakaza. Lakini ukisumbuliwa zaidi, ukapanda na kubaki huko juu, makomeo yote ya sodiamu hujifunga na hayafunguki, maana utando haujatulia. Sasa neva inaweza kuita mchana kutwa. Msuli hausikii. Ni ngazi moja: vidato vya chini kuna kukaza, vidato vya juu kuna kupooza. Ndiyo maana nikasema ni watoto wa nyumba moja. Nilipoelewa jambo hili kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikampigia shangazi simu saa hiyo hiyo.

Nyumba hiyo ya pamoja inaonekana vizuri zaidi kwenye jeni ya mlango wa sodiamu wenyewe, SCN4A, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Kosa likiwa mahali fulani ndani ya jeni hii, mtu hupata paramiotonia, iliyoelezwa na daktari Mjerumani Albert Eulenburg mwaka 1886. Huyu hafanani na mama wa samaki. Kwake kurudiarudia kazi kunazidisha kukaza, na adui mkubwa ni baridi. Nenda Molo mwezi wa Julai, asubuhi yenye ukungu, umtazame mtu wa namna hii akinawa uso kwa maji ya pipa. Akifumba macho, kope zinakataa kufumbuka. Mdomo unakuwa mzito. Akikamua ng'ombe, vidole vinagandia chuchu, na akiendelea kwa ukaidi mkono hupita kwenye kukaza ukaingia kwenye kulegea. Kikombe cha maziwa kinamponyoka. Mtu huyo huyo akihamia Kisumu anaweza kukaa miezi bila kukumbushwa ugonjwa wake, mpaka anywe soda ya barafu ulimi ukakaza.

Kosa likiwa mahali pengine ndani ya jeni hiyo hiyo, mtu hupata kupooza kwa vipindi kunakoendana na potasiamu kupanda. Daktari Ingrid Gamstorp wa Uswidi aliueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1950. Huanza utotoni, mara nyingi kabla ya miaka 10. Mtoto anakimbia mbio za shule, anaketi kivulini kupumzika, na baada ya dakika ishirini au thelathini miguu haipo. Vipindi vyake kwa kawaida ni vifupi, dakika kadhaa hadi saa chache, na huja mara kwa mara. Njaa humchokoza, kwa hiyo mfungo wa Ramadhani au wa Kwaresima unahitaji mazungumzo na daktari kwanza. Humchokoza pia vyakula vyenye potasiamu nyingi, na hivyo ndivyo tulivyo navyo tele: ndizi za Kisii, viazi vya Molo, parachichi, maharagwe. Si kwamba avikimbie maisha yake yote. Lakini kula ndizi nne tumbo likiwa tupu baada ya mechi ni kujiitia shida. Akihisi miguu inaanza kuwa mizito, kikombe cha chai yenye sukari na kutembea polepole mara nyingi hukikatiza kipindi kabla hakijashika.

Halafu kuna wa binamu yangu, wa potasiamu kushuka, ambao ndio ulio wa kawaida zaidi miongoni mwa hizi kupooza za kurithi. Makadirio yanayotajwa sana, mengi yakitoka Ulaya, ni mtu mmoja katika kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, kama uwiano hapa ni huo huo, tunazungumzia watu karibu 476 nchi nzima. Ni wachache mno kwa muuguzi wa zahanati kuwa amewahi kumwona mmoja, na ndiyo sababu simlaumu sana aliyetundika ile dripu.

Kwa walio wengi kosa liko kwenye jeni ya mlango wa kalsiamu, CACNA1S, kromosomu ya 1. Kwa wachache liko kwenye SCN4A tena. Milango yao ina ufa. Hata ukiwa umefungwa, chaji huvuja taratibu kupitia mahali ambapo hapakupaswa kuwa na njia. Siku za kawaida potasiamu iliyomo kwenye damu huwezesha utando kuhimili mvujo huo. Potasiamu ya damu ikishuka, mvujo hushinda, utando hupanda hadi kidato cha juu, makomeo hufunga, mtu hulala kama mzigo.

Na potasiamu hushuka kwa nini? Ukila wanga mwingi na sukari, kongosho humwaga insulini. Insulini kazi yake si kuingiza sukari peke yake ndani ya seli. Huisukuma na potasiamu pia. Mwili baada ya kazi nzito, unapopumzika, hurudisha potasiamu ndani ya misuli vilevile. Sasa pigia hesabu siku ya harusi: kazi ya kutwa, kucheza, pilau, chapati, soda, kisha kulala. Na kesho yake, juu ya hayo yote, dripu ya glukosi. Kila kitu kilichofanyika, kuanzia viti hadi dripu, kilikuwa kinaisukuma potasiamu upande mmoja.

Hapo kuna jambo ambalo familia nyingi hulielewa vibaya. Potasiamu haijapotea mwilini. Imejificha ndani ya misuli, na itatoka. Kwa hiyo matibabu ya kipindi ni potasiamu ya kunywa, kwa kipimo kidogo kinachorudiwa, huku moyo ukiangaliwa; ukimjaza mtu potasiamu nyingi kwa pupa, ile iliyojificha ikirudi pia itapita kiasi, na potasiamu iliyozidi husimamisha moyo. Kuipitisha mshipani ni kwa hali ya hatari tu, hospitalini, na isichanganywe na maji ya sukari.

Vipindi hivi kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe, hudumu saa nyingi, wakati mwingine siku moja au mbili, na hupenda kuja usiku au alfajiri. Pumzi mara nyingi husalimika, lakini mgonjwa akianza kuhema kwa shida au mapigo ya moyo yakaenda mrama, hiyo ni safari ya hospitali kubwa bila kusubiri kupambazuke. Wako pia wenye ugonjwa wa Andersen-Tawil, wa jeni ya mlango wa potasiamu, KCNJ2, ambao kupooza kwao huandamana na moyo kwenda kombo, na mara nyingi wana kidevu kidogo au vidole vidogo vilivyopinda. Kwa sababu yao, kila anayepooza kwa vipindi apimwe umeme wa moyo hata siku anapojisikia mzima.

Nirudie la damu, kwa sababu ndilo lililoiponza familia yetu kwa miaka minne. Ugonjwa huu haukai ukusubiri. Kipindi kikipita, potasiamu hurudi kawaida, misuli hurudi kawaida, na karatasi ya maabara itasema huna kitu. Mpeleke mtu akiwa amelegea. Omba apimwe chumvi za damu saa hiyo hiyo, kabla ya dripu yoyote. Kipimo cha potasiamu si kitu cha ajabu. Maabara za hospitali za rufaa hukifanya kila siku kwa wagonjwa wa figo na wa kuhara.

Na wenye kulegea wote si wa kurithi. Kuhara sana hushusha potasiamu. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kuleta kupooza kunakofanana kabisa na kwa binamu yangu, hasa kwa wanaume, na huko kunapona tezi ikitibiwa. Kwa hiyo tezi ipimwe. Mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea ghafla, wahudumu wa afya watataka sampuli mbili za kinyesi. Wasikatazwe: ndivyo polio inavyofuatiliwa, na kulegea kwa ghafla kwa mtoto hakuachwi bila kuchunguzwa hata kama ukoo una historia yake.

Kuhusu ukoo wenyewe. Ugonjwa wa binamu yangu unahitaji nakala moja tu ya jeni yenye kasoro. Kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi moja kati ya mbili za kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Lakini wanawake wengi wenye jeni hiyo hawapati kipindi hata kimoja, au hupata vidogo visivyotambulika. Shangazi hajawahi kulegea maisha yake yote. Nyanya naye tunakumbuka tu kwamba asubuhi nyingine alikuwa akisema miguu imekataa, apewe muda. Basi watu walitafuta mwanamume mgonjwa kwenye ukoo, hawakumwona, wakasema hili halina asili yetu, limetumwa. Lilipita kwa mama wawili bila kubisha hodi. Baba yangu, mtoto wa nyanya huyo huyo, hakuwahi kulegea, na kwa kuwa wanaume wenye jeni hii karibu wote huonyesha dalili, nina sababu ya kuamini kwamba kwetu hakuingia.

Aina ya Becker ni hesabu nyingine. Wazazi wote wawili ni wazima, kila mmoja amebeba nakala moja kimyakimya, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Hatari hiyo hukua ndugu wa damu wakioana. Huku kwetu magharibi, kwa Waluo na Waluhya, mila imekataza kuoa ndani ya ukoo wa baba na ukoo wa mama tangu zamani, na kwa magonjwa ya namna hii katazo hilo limekuwa kinga kubwa kuliko waliolitunga walivyoweza kujua. Si kinga kamili, kwani watu wa koo mbili zisizojuana wanaweza kukutana wakiwa na kasoro ileile. Na mara nyingine kosa la jeni huzuka upya kwa mtoto bila kuwa kwa mzazi yeyote.

Dawa zipo, ingawa hakuna inayofuta ugonjwa. Kwa miotonia kuna meksiletini, dawa ya moyo inayopunguza wepesi wa milango ya sodiamu, na pale isipopatikana madaktari wametumia karbamazepini, ileile ya kifafa. Mama wa samaki ameamua kuishi bila dawa, anasema kupasha mkono moto kunamtosha, na kwa wengi ni kweli. Kwa kupooza kwa vipindi, asetazolamidi, inayojulikana kwa kushusha presha ya macho, huwapunguzia wengi idadi ya vipindi, ingawa wapo wanaozidiwa nayo. Dawa ya jamii hiyo, diklofenamidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Ziandikwe na daktari anayejua ni aina gani anayoitibu. Vidonge vya presha vinavyomfanya mtu akojoe sana, kwa mfano, hushusha potasiamu, na kwa binamu yangu vingekuwa sumu. Wala vipindi visiachwe vijiendee kwa kuwa vinapita vyenyewe: miaka ikisonga, mapaja ya wengi hubaki dhaifu hata kati ya vipindi.

La upasuaji ni zito, mgonjwa asilisahau hata akiwa na uchungu wa kuzaa, wakati ambao miotonia yenyewe huwa imezidi kwa sababu ya mimba. Amwambie mtaalamu wa nusukaputi kabla ya sindano ya kwanza. Kuna dawa ya kulegeza misuli, saksametoniamu, ambayo kwa mwenye miotonia hufanya kinyume: taya na kifua hukaza, na kumpa hewa kunakuwa vita.

Binamu yangu sasa ana miaka 31, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi humpeleka Kisumu mara mbili kwa mwezi. Nauli yake ina ratiba. Hali chakula kizito usiku wa kuamkia safari. Kwenye matatu hukaa kando ya njia, anakunja na kukunjua nyayo, na gari likisimama Kericho hushuka atembee hata kama mvua inanyesha. Mkobani ana potasiamu yake, na kwenye pochi karatasi iliyowekwa lamineti aliyoandikiwa na yule afisa wa kliniki: "Nina ugonjwa wa kurithi wa kupooza kwa vipindi. Nina fahamu zangu. Pima potasiamu kwanza. Usinipe dripu ya glukosi. Angalia moyo."

Shangazi naye ana daftari. Alilianza baada ya kipindi cha tatu, kabla hatujajua jina la ugonjwa, na ndilo lililomfanya afisa yule ashuku: tarehe, saa, alichokula, kazi aliyofanya jana yake, muda aliochukua kusimama. Pilau ilikuwa imeandikwa mara nne. Mwaka jana aliongeza ukurasa wa mjukuu wake, binti ya binamu yangu, ambaye ana miaka 9. Mpaka leo una tarehe ya kuzaliwa tu.